Betri ya droni imezima hewani ikiwa na 41%, muuzaji ananiambia eti "upepo"

Wakuu nisameheni kama nitaandika kwa hasira, hii ni wiki ya 3 nazungushwa na uvumilivu umeisha.

Nina kadroni ka mota nne, kana miezi minne tu. Juzi kati nimekarusha asubuhi, hewa imetulia, hata majani hayatikisiki. Skrini inasoma 41% nikasema ngoja nikarudishe mapema nisije nikajuta, nikabonyeza kile kitufe cha kurudi nyumbani. Sasa wenye hivi vitu mnajua, ukibonyeza hakarudi moja kwa moja, kanapanda kwanza hadi ule urefu uliouseti ndo kaanze safari, na kwenye kupanda mota zinavuta umeme balaa. Kamepanda sekunde chache, rimoti ikaanza kupiga kelele, kakayumba, kakaanza kushuka kenyewe, halafu kwenye mita 6 hivi kutoka chini pyuu, kimya. Ndege ya mabawa injini ikizima inateleza, helikopta panga lake linaendelea kuzungushwa na upepo ikishuka, inatua taratibu, haya madude yetu umeme ukikata ni jiwe tu. Mkono mmoja umevunjika, gimbo (kile kishikio cha kamera) inaning'inia kwa waya wake.

Nikafungua logi, yaani kumbukumbu ya safari ambayo droni inajiandikia yenyewe. Betri ina seli 3, zikijaa kila moja ni volti 4.2. Pale ilipozima seli ya 1 ina 3.6, ya 2 ina 3.6, ya 3 ina 2.9!! Yaani seli moja ilikuwa mbovu na ile asilimia kwenye skrini inahesabu betri nzima, haikwambii kwamba mmoja wao anakufa. Upepo unaingiaje hapo jamani? Upepo umechagua seli moja?

Nikawatumia wauzaji logi na picha. Jibu la kwanza upepo. La pili eti nimetua vibaya (nimetua?? mimi??). La tatu ndo limenimaliza, wanasema waranti haiwezi kuangaliwa mpaka niwarudishie betri yenyewe waipime. Sawa, nikaenda kuituma, jamaa wa vifurushi kuiona tu akarudi nyuma, maana imevimba kama andazi, akaniambia betri ya lithiamu iliyoharibika haipandi ndege, ni marufuku. Na ana haki, ile kitu ikishika moto huko juu nani atazima. Nikawaandikia hivyo hivyo, wakajibu "bila betri hatuwezi kuendelea na ombi lako". Kwa hiyo betri ikiwa nzima hakuna tatizo la kulipia, ikiwa mbovu haiwezi kutumwa, waranti ni ya nini sasa??

Halafu boksi limeandikwa dakika 31 za kuruka. Sijawahi kupata zaidi ya 20 tangu nikanunue, zile 31 wanazipima bila upepo mpaka tone la mwisho, nani anarusha hivyo?

Msije hapa kuniambia ningeangalia volti za kila seli kabla ya kurusha, najua, sasa hivi najua. Ninachouliza kuna mtu alishawahi kulipwa kwa logi peke yake, bila kurudisha betri? Aliwaambiaje? Yangu iko nje kwenye ndoo ya mchanga na kila siku naona inazidi kunenepa.