Mjadala: Shubiri mwitu kwa kuku, ni tiba au tunajifariji?

Mleta mada: Wakuu, mama mkwe wangu yuko Singida, anafuga kuku wa kienyeji. Akisikia mdondo (ule ugonjwa wa kuku, Newcastle) umeingia kwa jirani, anaponda shubiri mwitu na pilipili kichaa, anatia kwenye maji ya kunywa. Bwana mifugo anamwambia hizo ni porojo. Mimi nimewekwa katikati. Mnasemaje?

Kuku Kumi na Nne: Porojo wakati mwarobaini unamaliza utitiri bandani na kila mtu anaona? Hao wa dukani wanatuuzia OTC, ile antibiotiki, kwa kila kikohozi, halafu mayai yanaliwa kesho yake. Nani amewahi kuona mfugaji anasubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kula mayai?

Jembe na Jogoo: Hapo kwenye mayai umenena, mkuu. Ila utitiri ni mdudu, mdondo ni kirusi. Hata hiyo OTC haikiui. Nilikuwa muumini wa shubiri kuliko mama mkwe wa mleta mada. Mwaka wa kwanza walikufa wachache, nikatangaza kijiji kizima kwamba nimepata dawa. Kiangazi cha pili walianza kuharisha kijani, shingo zikapinda, ndani ya wiki nikabaki na tetea 3 kati ya kuku 40. Ndipo nikaelewa: wale wa mwaka wa kwanza huenda walikuwa na kinga ya mlipuko uliopita, sifa nikaipa shubiri. Sasa nachanja tone moja jichoni kila miezi 3, ile chanjo ya mdondo iitwayo I-2 inayotengenezwa Kibaha. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa usiianike juani.

Kuku Kumi na Nne: Chupa moja inatosha kuku wa mtaa mzima, mimi ninao 14. Ninunue ya kumwaga?

Jembe na Jogoo: Changeni majirani, mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, kuku wa jirani watabaki na ugonjwa pale pale.

Mchunga Ndama: Kwetu tunaogesha ng'ombe kwa maji ya majani ya mmea wa utupa, kupe wanapungua. Lakini ndama akishapata ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, tezi zimevimba na homa imepanda, utupa hauna kazi tena, ita daktari. Na msimwage mabaki mtoni, utupa ni sumu ya samaki.

Dada wa Vifaranga: Nyongeza: zipo chanjo za kutia kwenye maji, mfano ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku. Siku hiyo maji yawe matupu, bila shubiri wala pilipili wala klorini. Mtu anaua chanjo mwenyewe kisha anasema chanjo ni feki.

Mleta mada: Nimempigia mama. Tone la jicho amekubali, ila shubiri haiondoki kwenye kopo.

Kuku Kumi na Nne: Na wakipona, tutaambiwa ni shubiri 😂