Nililipia bomba la hita ndani ya tangi, nikafungiwa T kwenye njia ya mafuta ya injini

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu jambo lenyewe ni la kiufundi, na nisipolieleza hatua kwa hatua gereji iliyonifanyia kazi itaendelea kusema kwamba tatizo ni uzee wa gari langu.

Ninaishi kusini mwa Ujerumani na nina Land Cruiser HZJ78, lile hardtop refu ambalo nyumbani Tanzania mnalifahamu kupitia magari ya wagonjwa na ya utalii, lenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Mwezi Oktoba nililipeleka kwenye gereji inayojitangaza kuwa ya wataalamu wa magari ya safari za porini, nikataka wanifungie hita ya dizeli ya kilowati 2, ile inayopasha joto ndani ya gari huku injini ikiwa imezimwa. Hita ya ukubwa huo hula takribani robo lita ya dizeli kwa saa inapowaka kwa nguvu zote, hivyo mtu anayelala ndani ya gari kwenye theluji hana sababu ya kuacha injini ikiunguruma usiku kucha. Ankara ninayo hadi leo. Imeandikwa wazi kwamba tangi litashushwa, bamba la floti (mfuniko wa juu ya tangi unaoshika kipimo cha mafuta) litatobolewa, na hita itawekewa bomba lake jembamba la kunyonyea mafuta. Kwa kazi hiyo ya tangi peke yake nilitozwa euro 380, nikalipa siku ileile.

Tangi halikushushwa.

Walichofanya ni kukata kwa kisu mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye injini, wakapachika T ya shaba, yaani kiungio chenye midomo mitatu, katikati, wakaikaza kwa klipu za kawaida za kuzungusha kwa bisibisi, kisha wakachomeka bomba la plastiki la hita, ambalo tundu lake ni milimita 2 tu, ndani ya kipande cha mpira mpana kuliko bomba lenyewe. Ili mpira huo ushike, walikaza klipu mpaka mpira ukajikunja upande mmoja. Pale ulipojikunja palibaki mfereji mdogo ambao ncha ya kucha yangu inaingia.

Wale mnaoijua 1HZ mtaelewa kwa nini kosa hili ni zito. Injini hii haina pampu ya umeme ndani ya tangi ya kusukuma mafuta mbele. Pampu ya nozeli yenyewe, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli za injini, ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma ya gari, ikipitia kwenye filta, kwa hiyo njia yote kuanzia tangi iko katika hali ya kunyonya. Mpira ukilegea kwenye njia kama hiyo, mafuta hayavuji nje hata tone moja. Ni upepo, yaani hewa, ndio unaoingia ndani. Fundi anaweza kupitisha kitambaa kwenye kiungio mara kumi, kila mara kikatoka kikavu, akaapa kwamba kazi yake ni safi.

Tangu Novemba gari lilianza kusumbua asubuhi. Nilikuwa napiga selfu kwa muda mrefu, linawaka, linatetemeka, ndipo linatulia. Nililirudisha gerejini mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia nibadilishe filta, nikabadilisha. Mara ya pili waliniambia pampu ya nozeli imechoka na wakanipa makadirio ya zaidi ya euro 2,000 za kuifanyia ukarabati. Hakuna hata mmoja wao aliyetamka kwamba walikuwa wameikata njia ya mafuta.

Mwezi Februari nilisafiri na mke wangu na mtoto wetu wa miaka 9 kwenda Norwe. Barabara namba 7 inayokatiza uwanda wa juu wa Hardangervidda hupanda hadi zaidi ya mita 1,200, na upepo ukichafuka wakati wa baridi magari hayaruhusiwi kupita moja moja, bali hupangwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Tulikuwa wa nne katika msafara, baridi ikiwa nyuzi 17 chini ya sifuri, na mbele sikuona chochote zaidi ya taa nyekundu za gari lililonitangulia. Tulipoanza mwinuko, gari likiwa limeinua pua na tangi likiwa chini kabisa nyuma, injini ilipungua nguvu, ikakohoa mara mbili, ikazima. Na hita nayo ikazima, kwa sababu pampu yake ndogo ilikuwa ikinyonya kwenye bomba lilelile lililojaa upepo. Pampu ile haipimi kama kilichopita ni dizeli au ni hewa; inapiga pigo lake tu, tik, tik, tik, na chemba isipopata mafuta moto unazimika.

Nilishuka, nikafungua boneti, nikaanza kupiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta ili kutoa upepo. Glavu zilikuwa zinateleza, nikazivua. Nilipiga mpaka kitufe kikawa kigumu, injini ikawaka, tukasogea labda mita 300, ikazima tena. Msafara mzima ulisimama kwa ajili yetu. Mtoto alikuwa amefunikwa mablanketi mawili, akiniuliza kama tutalala pale. Tulitoka kwenye uwanda ule baada ya kurudia kazi hiyo mara tano, na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilikosa hisia kwa muda wa wiki moja.

Nilipofika mjini nilimpigia simu mzee mmoja aliyenifundisha kazi ujanani, fundi wa magari ya watalii Arusha. Sikumaliza hata maelezo. Aliniambia, “Mwanangu, hiyo inavuta upepo. Usiiguse nozeli. Ipe mafuta ya dumu kwanza.” Nikanunua mpira unaoonyesha ndani, nikauunga kwenye filta, upande wa pili nikautumbukiza kwenye dumu la dizeli, nikawasha. Nusu saa nzima injini ilinguruma bila kukosea na mpira haukuonyesha povu hata moja. Nilipourudisha mpira uleule kwenye bomba linalotoka kwenye ile T, bubujiko likaanza: povu ndogondogo zikifuatana kama shanga kwenye uzi. Mtu aliye umbali wa maelfu ya kilomita, bila kuliona gari, alijua kwa dakika mbili kile ambacho gereji yenye mashine za kupimia ilishindwa, au ilikataa, kukisema kwa miezi mitatu.

Nimewaandikia. Wamenijibu kwamba kuunga hita kwa T ni utaratibu unaokubalika. Sikatai kwamba kuna magari ambayo watengenezaji wa hita wanaruhusu T, lakini ni T iliyotengenezwa kwa vipimo vya mabomba yote matatu, yenye mpira unaolingana na klipu zinazobana mduara mzima, iliyokaa kwa namna ambayo povu haziingii upande wa hita. Yangu haina hata sifa moja kati ya hizo. Zaidi ya hayo, sikununua T. Nilinunua bomba la peke yake, ambalo mdomo wake hukaa juu kidogo ya mdomo wa bomba la injini, ili mafuta yakipungua hita ife kwanza na injini ibakiwe na akiba ya kukutoa ulipo. Kwa T, hita na injini hugombania tone la mwisho.

Nimekuta pia bomba la moshi la hita limepitishwa karibu mno na bomba la plastiki la mafuta, mpaka plastiki imeanza kubadilika rangi. Picha zote nimezihifadhi.

Ninachotaka kutoka kwao ni hiki: warudishe euro 380 za kazi ambayo hawakuifanya, walipe gharama za kuondoa T na kuweka mpira mmoja mzima kutoka tangi hadi filta, na wakiri kwa maandishi kwamba pampu yangu ya nozeli haikuwa na ubovu wowote pale walipotaka kunitoza fedha za kuikarabati. Nimewapa siku 14. Zikipita, ankara, picha na ile T vinakwenda kwa mwanasheria.

Kwa yeyote aliyefungiwa hita hivi karibuni, awe Ulaya, Kanada au popote penye baridi: laleni chini ya gari leo na tochi. Fuateni bomba jembamba la hita kutoka kwenye pampu yake kurudi nyuma. Likiishia juu ya tangi, sawa. Likiishia kwenye mpira wa injini ilhali mlilipia kitu kingine, wekeni picha hapa, kwa sababu nataka kujua ni wangapi tumefanyiwa hivi.