Binti yangu na mpira wa magongo: kuna maisha humo?

Mama wa Barani: Assalamu alaykum jamani. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Malindi. Tangu atiwe timu ya magongo shuleni, jioni ni kugonga mpira ukutani mpaka adhana ya magharibi. Ati atafika Olimpiki. Babake asema huo ni mchezo wa Wahindi. Kuna Mkenya aliyewahi kuishi kwa gongo?

Mzee Filimbi: Wa alaykum salaam, mama. Miye nimepuliza filimbi michezo ya shule huku Pwani hadi nikastaafu. Mwambie babake Kenya ilicheza Olimpiki mara saba, kuanzia Melbourne 1956 hadi Seoul 1988. Ni kweli wengi walikuwa Masingasinga na Wagoa, lakini kwao ni Nairobi na jezi ilikuwa ya Kenya. Avtar Singh Sohal, yule Tari, beki, alikwenda Olimpiki nne mfululizo, 1960 hadi 1972. Tokyo 1964 tulishika nafasi ya 6, na uhuru haujatimiza mwaka! Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, tukawa wa 4.

Kuishi kwa gongo? La. Ilikuwa michezo ya ridhaa, kila mtu na kazi yake.

Kilichotumaliza ni zulia. Olimpiki ilihamia zulia hilo, yaani nyasi bandia, Montreal 1976, na mwaka huo Afrika ikasusia kwa kuwa New Zealand ilikwenda kucheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Moscow 1980 tukasusia tena. Kwenye murram, udongo wa viwanja vya shule zetu, mpira hudunda, mchezaji hujifunza kuungoja. Kwenye zulia hauna subira hiyo: unateleza sawasawa, kasi, nawe umeshainama kabla haujafika. Hilo halifundishwi kwa maneno. Mtoto hucheza shule miaka minne, akikanyaga zulia aonekana mgeni.

Kijana wa Maweni: Mzee, hao wote wanaume. Mtoto ni msichana.

Mzee Filimbi: Haya. Wasichana wetu Olimpiki hawajafika. Lakini magongo ya wanawake yalipoanza Olimpiki, 1980, dhahabu ilikwenda Zimbabwe, timu iliyoitwa dakika za mwisho wengine waliposusia. Na hapa kwetu timu ya wanawake ya Telkom, kampuni ya simu, ilibeba ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi tu. Mama, njia ni chuo kikuu chenye timu, Nairobi, kisha klabu ya ligi. Huko ndiko zulia liliko. Mshahara usiutegemee, karo ya chuo ndiyo ya kuulizia, vyuo vingine huwasaidia wachezaji.

Mama wa Barani: Shukran mzee. Sasa, huyu ni wa mkono wa kushoto. Gongo la kushoto lauzwa wapi?

Mzee Filimbi: Halipo, mama. Yote ni ya kulia, na mpira hupigwa kwa upande bapa tu. Lakini asihuzunike, mkono wa kushoto ndio ushikao juu na kuligeuza gongo. Kwanza mnunulie kinga ya meno na vya kulinda ugoko. Mpira ule ni gramu 160 hivi, mgumu kama jiwe.

Mama wa Barani: Meno! Hilo hakuniambia.