Serikali ikifunga bei kwa amri, mbona bidhaa inaadimika?

Kalamu Kavu (mwanzisha mada)
Wakuu salaam. Naomba kuelimishwa, matusi tuweke pembeni. Bidhaa inapanda, watu wanaumia, serikali inatangaza: kuanzia kesho marufuku kuuza zaidi ya kiasi hiki. Kwa akili yangu tatizo limekwisha, anayekaidi akamatwe. Ila Zimbabwe mwaka 2007 waliamuru bei zikatwe nusu, na muda si mrefu rafu zikawa tupu. Ni hujuma za wafanyabiashara au kuna kitu sikioni?

Karani Mstaafu
Hujuma ipo mkuu, ila si yote. Nimekuwa karani wa ghala miaka mingi, nikusimulie nililoliona. Sabuni ya mche iliwekewa bei. Wiki ya kwanza ilikuwa shangwe, watu wanabeba kwa katoni. Wiki ya pili lori halikuja. Mafuta ya kutengenezea sabuni hayakuwa yamefungwa bei, kwa hiyo kila mche ulitoka kiwandani kwa hasara. Mwezi wa pili mzigo ukafika, bei ile ile, lakini mche umepungua unene wa kidole, na ukiusahau kwenye beseni unakuta uji.

Kisha bosi akaniita kando: katoni ishirini weka nyuma. Hizo zilikuwa za wanaojuana naye, na za wale wanaolipa bei ya serikali juu ya meza na nyingine chini ya meza. Kwenye risiti bei ilikuwa safi kabisa! Aliyeondoka mikono mitupu ni mama aliyepanga foleni tangu alfajiri na hela kamili mkononi, ila hana namba ya bosi. Na ndiye aliyetajwa redioni kwamba amri ni kwa ajili yake.

Kalamu Kavu
Si adhabu zikazwe tu?

Karani Mstaafu
Mfalme Diocletian wa Roma alitoa orodha ya bei mwaka 301, adhabu ikiwa kifo. Lactantius, aliyeishi zama hizo, aliandika kwamba watu waliogopa kutoa bidhaa sokoni, uhaba ukazidi na sheria ikafa. Ukimtisha muuzaji hafungui duka kwa furaha, anafunga.

Bi Hesabu
Karani, usituuzie hoja kwamba bei isiguswe kamwe. Chukua umeme au maji: bomba ni moja, kampuni moja, mteja hana pa kukimbilia. Mwenye ukiritimba anauza kidogo ili auze ghali. Ukimwekea kikomo kinachofidia gharama zake, anaweza hata kuuza zaidi, kwa sababu kubana hakumlipi tena. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani haikuishia kufunga bei, iligawa vitabu vya kuponi ili kila familia ipate fungu lake. Bei ikifungwa bila mgawo, foleni ndiyo inayogawa.

Ubaya ni kikomo kuwekwa chini ya gharama na kuachwa hapo. Hungary ilifunga petroli kwa forinti 480 kwa lita Novemba 2021, ikaachia Desemba 2022 baada ya vituo kukaukiwa. Hata riba ni bei, bei ya mkopo. Kenya mwaka 2016 iliweka ukomo wa riba ya mikopo kuwa asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Benki zikaona heri kuikopesha serikali, mfanyabiashara mdogo asiye na dhamana akafungiwa mlango. Sheria ikaondolewa 2019.

Karani Mstaafu
Kwenye umeme nimekubali. Ila kuponi nazo zina karani wake, Bi Hesabu, na makarani nawajua.

Kalamu Kavu
Nimeelewa, asanteni. Mzee, zile katoni ishirini, wewe uliambulia ngapi?

Karani Mstaafu
Mbili. Na sikulalamikia unene.