Baba wa mtoto wa Kithai, sijaoa: nichukue viza ipi ya kukaa muda mrefu?

MaweYaMahenge
Wakuu, habari za leo. Mimi ni Mtanzania, miaka 38, nauza mawe, hasa spineli na tanzanaiti. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda Chanthaburi, Thailand, nakaa miezi miwili mitatu, mzigo ukiisha narudi Arusha. Huko nimepata binti, ana miaka mitatu. Mama yake ni Mthai. Nikiwa kule tunaishi nyumba moja na tunaelewana, ila ndoa hataki kuisikia. Ameshaolewa mara moja, yaliyompata anasema yanamtosha.

Nimechoka na viza ya utalii. Siku 60, unalipia 30 za nyongeza, unatoka, unaanza upya. Safari iliyopita afisa pale uwanja wa ndege alifunua pasi yangu ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta kiwavi kwenye kabichi.

Ninayoyafikiria: Non-O, yaani viza ya kukaa na familia, kwa ajili ya mtoto (jina langu lipo kwenye cheti chake cha kuzaliwa), viza ya DTV ya miaka mitano, au nifungue kampuni. Mzigo ukienda vizuri naweza kuweka benki kama baht 450,000. Wenye uzoefu naomba mnifungue macho.

Kijana_wa_Tandale
Oa tu mkuu, yaishe.

TichaNonthaburi
Karibu ndugu. Mimi ni Mkenya, nafundisha Kiingereza hapa Nonthaburi, nina mvulana wa miaka tisa na mamake hatukuoana. Nikuanzie na lile lililonigharimu miaka miwili: jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa halikufanyi baba mbele ya sheria ya Thailand. Hata mimi nilibisha. Kifungu cha 1546 cha sheria yao ya madai kinasema mtoto wa wasiooana ni wa mama. Wewe hapo ni jina kwenye karatasi.

Kifungu cha 1547 ndicho kinachokupa njia za kuwa baba halali, na ni tatu tu: umuoe mama, uandikishe mtoto ofisi ya wilaya (wao huiita amphoe), ama mahakama iamue. Hiyo ya wilaya inataka mama na mtoto wote wakubali. Mtoto wa miaka mitatu atakubali nini? Afisa anataka kumsikia kwa mdomo wake na aone anaelewa. Sisi tulirudishwa wangu akiwa na miaka minne, tukaenda tena alipofika saba akajibu mwenyewe, tukapewa karatasi yao inayoitwa Kor Ror 11 siku hiyo hiyo.

MaweYaMahenge
Duh. Kwa hiyo nisubiri miaka minne? Na Ticha, wewe katikati hapo uliishi kwa viza gani?

TichaNonthaburi
Non-B ya kazi, ndiyo niliyo nayo hadi leo. Kwetu Waafrika, ukiacha Afrika Kusini, uhamiaji wanataka mshahara usiopungua baht 25,000 kwa mwezi ndipo waongeze mwaka. Mzungu wa Ulaya anadaiwa 50,000. Mara moja moja unyonge unasaidia! Lakini viza ya kazi imefungwa kwa mwajiri. Siku mkataba ukiisha, na viza imeisha. Ndio maana nataka kuhamia ya mtoto.

Kuhusu kampuni, kwako naona ni mzigo. Ili ikupe kibali cha kazi na nyongeza ya mwaka, hesabu mtaji wa baht milioni mbili na Wathai wanne kwenye orodha ya mishahara, na hisa zako zisipite asilimia 49. Kwa begi la mawe?

BabuHuaHin
Vijana, shikamooni nyote kwa niaba ya wale wasioamkia 😄. Nina miaka 61, nimetokea Mombasa nikapitia Ujerumani, sasa niko Hua Hin kwa viza ya wastaafu. Hiyo usiihangaikie, lazima uwe umefika miaka 50, uwe na baht 800,000 benki au pato la 65,000 kwa mwezi, na kazi hairuhusiwi hata ya kuuza ndizi. Naitaja kwa sababu moja: nyongeza ya mwaka anayopewa baba wa mtoto inakoma mtoto akitimiza miaka 20. Wewe utakuwa na 55. Hapo ndipo tutaonana.

Sasa fedha. Non-O ya mtoto inadai sawa na ya aliyeoa: baht 400,000 kwenye akaunti yenye jina lako peke yako, ziwe zimelala humo miezi miwili kabla ya kuomba, au pato la 40,000 kwa mwezi. Kwa shilingi za Tanzania ni kama milioni 30. Unazo. Kwa hiyo tatizo lako si pesa, ni ubaba.

Ada ya nyongeza ni 1,900. Wakishapokea faili hawakupi mwaka papo hapo, wanagonga muhuri wa siku 30 wa kusubiri, wanaweza kuja nyumbani kutazama kama kweli mnaishi na mtoto, ndipo unarudi.

Kijana_wa_Tandale
Bado nasema oa. Karatasi moja inamaliza yote.

BintiPangani
Haimalizi, kaka. Mimi nimeolewa huku Bangkok na nimewahi kuwasindikiza Waswahili wawili watatu ofisi ya wilaya. Ili uoe unahitaji barua ya ubalozi wa nchi yako kwamba huna mke, itafsiriwe Kithai, igongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje pale Chaeng Watthana. Hayo yanafanyika. Lakini nyongeza inayosimama juu ya ndoa inaanguka siku ya talaka, au mwenzio akifariki. Inayosimama juu ya mtoto haiulizi kama bado mnapendana. Na huyu kaka ameshasema mama hataki. Tumwache mwanamke wa watu.

Kaka Mawe, hukuuliza ila nitasema. Mama wa mtoto anajua nini kinabadilika? Leo yeye ndiye mwenye mamlaka peke yake. Akitaka kumtolea mtoto pasi, anaenda wilayani kuchukua karatasi ya Por Kor 14 na hahitaji saini yako. Ukishakuwa baba halali, sahihi yako itatakiwa. Akina mama wengi wanagoma hapo, na wanaume wanadhani wamekataliwa wao. Kaeni mlizungumze kabla hujampelekea hati ya mahakama.

Kuhusu kusubiri miaka minne: si lazima. Mtoto akiwa mdogo mno kujieleza, njia ni mahakama ya watoto na familia. Mama akiridhia, kesi haina ugomvi. Maafisa wa ustawi wanawahoji, wanamwona mtoto, wanaandika ripoti kwa hakimu. Hukumu ikitoka subiri mwezi wa rufaa upite, uchukue cheti kwamba kesi imefungwa, ndipo uende wilayani kuandikisha. Ni miezi, si wiki, na wakili wa Kithai utamhitaji.

MaweYaMahenge
Dada nashukuru sana. Hilo la pasi sikulijua hata kidogo. Na DTV je? Jamaa mmoja sokoni ananiambia ndiyo mkombozi, miaka mitano bila kuulizwa.

TichaNonthaburi
Anauza maneno. DTV ilianza Julai 2024. Ni kweli inaishi miaka mitano, lakini kila ukiingia unapewa siku 180. Unaonyesha akiba ya baht 500,000, na inakusudiwa anayefanyia kazi mwajiri wa nje kwa kompyuta, au anayekuja kujifunza ndondi za Kithai, mapishi na mfano wa hayo. Haiulizi habari za mtoto kabisa, kwa hiyo kwa asiye na karatasi za ubaba ni daraja zuri. Ila haitoi kibali cha kazi. Wewe unazungusha mawe kwenye meza za wanunuzi pale Chanthaburi kila wikendi. Hiyo ni kazi, ndugu, hata kama kila mtu anaifanya.

BabuHuaHin
Na mtu asije akamshawishi kukaa kwenye jiwe la kunolea. Kukata na kung'arisha mawe ya thamani ni kazi iliyotengewa Wathai, mgeni haruhusiwi hata akiwa na kibali. Kuuza ni habari nyingine, na hapo Non-O ya mtoto inaishinda DTV: juu yake unaweza kuombewa kibali cha kazi.

Ipo pia ile kadi ya Privilege, uanachama wa kulipia unaokuja na viza, baht 900,000 kwa miaka mitano daraja la Gold. Hiyo ni ya wenye mgodi.

La mwisho, maana wewe ni mtu wa safari. Ukipata nyongeza ya mwaka, usivuke mpaka bila kibali cha kurudi: 1,000 kwa mara moja, 3,800 kwa mara nyingi. Ukisahau, mwaka wako wote umekufa pale pale uwanjani. Namjua mtu aliyekwenda msibani Kwale akakumbuka akiwa angani.

BintiPangani
Wakati kesi ikiendelea unaweza kuingia na viza ya utalii na kuomba siku 60 za kumtembelea mtoto badala ya zile 30, ada ni ile ile 1,900. Ofisi nyingine zinatosheka na cheti cha kuzaliwa, nyingine hazitaki. Kaulize ya Chanthaburi yenyewe. Ukishapata hukumu, viza ya utalii inageuzwa Non-O humo humo nchini kwa baht 2,000, mradi umebakiwa na siku zisizopungua 15. Na maombi ya kutoka Tanzania yanapitia ubalozi wao wa Nairobi, siku hizi kwa mtandao. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani.

MaweYaMahenge
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya miezi saba. Tulizungumza. Alinuna wiki nzima kwa ajili ya lile la pasi, kisha akasema sawa, ila niandike kwamba sitamzuia mtoto kusafiri naye. Nikaandika. Wakili akapeleka maombi, na juzi tumeitwa na watu wa ustawi.

Afisa mama mmoja akamuuliza binti, huyu ni nani? Akajibu kwa sauti, "Baba!" Chumba kizima kikacheka. Kumbe kwa Kithai "ba" ni kichaa, kwa hiyo mtoto amewaambia huyu ni kichaa mara mbili. Mama yake akabaki anafafanua Kiswahili huku amejifunika uso. Afisa alifuta machozi, akaandika mistari kama minne kwenye faili, akamuuliza binti anapenda kula nini.

Hakimu ni mwezi ujao.