Ramani ya marehemu babu imerudi imekatwa pambizo, halafu naambiwa "yote ipo"

Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Mbeya, nina hasira na leo sizunguki.

Kuna mwenzetu wa Iringa, katika sisi tunaobadilishana ramani za kale, aliniomba karatasi moja ya ile ramani ya Wajerumani ya 1:300,000, ya wachoraji kina Sprigade na Moisel, iliyochapwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Karatasi yenyewe ina Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, kwetu. Babu aliitunza miaka yote imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, darini, mbali na moshi wa jikoni. Nikaipeleka stendi na bomba lake. Aliomba wiki moja ya kuiskani. Kakaa nayo miezi mitatu.

Juzi nimeipokea. Bomba hakuna. Bahasha ya kaki, ramani imekunjwa kama barua. Nimeikunjua taratibu juu ya kitanda, nikahisi tumbo linakata: pambizo zote nne hazipo! Zimepigwa mkasi, tena mkasi butu, upande wa Ziwa Nyasa umeenda upogo ukaingia mpaka kwenye maji. Nampigia, ananijibu, "Kaka, ilikuwa haiingii kwenye mashine ya A3, ila ramani yenyewe yote ipo."

Haipo. Ramani haiishii kwenye milima na mito. Mwaka wa kuchapwa ulikuwa pembeni. Waliochora walikuwa pembeni. Skeli ya mstari, ule mstari wa kupimia umbali, ilikuwa pembeni, na hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu 1:300,000 maana yake sentimita moja ni kilomita tatu kwenye karatasi tu. Ukishaiweka kwenye simu ukaikuza, ile namba haikusaidii chochote. Mstari ungekua pamoja na picha, ungepima nao.

Na mwaka si pambo. Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa ziwa, Lumbila. Baadaye boma likahamia juu, Tukuyu, likaitwa Langenburg Mpya. Sasa mtu anaweka kipande kisicho na mwaka, "Langenburg" iko kando ya maji, anaandika "Tukuyu ya kale", na watu wanashangilia. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na niliposahihisha nikaambiwa naringa. Mpaka wetu na Malawi kwenye ziwa ndio usiseme: watu wanatukanana usiku kucha kuhusu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 wakiwa wameshika vipande ambavyo hakuna anayejua vilichorwa na nani wala lini.

Karatasi ikizidi mashine, iskani nusu nusu uunganishe. Au itandaze mchana dirishani, piga picha kutoka juu. Hata fundi wa stesheneri pale Mwanjelwa anajua hilo. Wazee wetu wametunza karatasi hizi bila kusomea kutunza, sisi tunaojiita wapenzi wa ramani ndio tunazikata!

Ndugu wa Iringa, jina lako silitaji, unajijua. Sitaki pole na sitaki hela. Nataka vile vipande vinne. Kama viko kwenye droo, kama viko kwenye ndoo ya taka, vitoe, usivikunje, viweke ndani ya bomba la babu, upeleke ofisi ya basi. Gharama ya kifurushi nalipia huku nikipokea.