Naomba ushauri: uhusiano wa sentensi na sentensi niuwakilishe kwa nadharia ipi?

Habari zenu wakuu. Nachambua matini za Kiswahili kwa ajili ya tasnifu na nimekwama kwenye nadharia.

Nimeanza na nadharia ya muundo wa kibalagha (Rhetorical Structure Theory) ya Mann na Thompson (1988). Unaikata matini vipande, unaamua kipi kiini na kipi tegemezi, unautaja uhusiano wao (sababu, ushahidi, ukinzani), mwisho unapata mti. Naipenda sana kwa kuwa haidai kiunganishi kiwepo. Chukua hii: "Usimpigie Neema leo. Mtoto wake kalazwa." Hakuna "kwa sababu", lakini kila msomaji anaiona.

Shida ni kwamba sentensi ya pili inatoa sababu na papo hapo inamshawishi msikilizaji atii. Moore na Pollack walilisema hili mwaka 1992: sentensi mbili zinaweza kuhusiana kimaudhui na kwa nia ya msemaji kwa wakati mmoja, ilhali mti unataka jina moja la uhusiano. Nyie mnachagua vipi?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. "Akaingia, akaketi, akaanza kulia." Mfuatano umo ndani ya -ka-. Mkabala wa Penn Discourse Treebank (hazina ya matini za Kiingereza zilizowekewa alama za uhusiano wa sentensi) huanzia kwenye viunganishi, na pasipokuwa na kiunganishi mchambuzi hupachika kinachofaa. Sasa -ka- niihesabu kiunganishi, au niseme hakipo nipachike "kisha"? Naona kupachika ni kuionea sarufi yetu.

Nadharia ya Kamp (1981) ya kuwakilisha maana ya matini kimantiki (Discourse Representation Theory) nimeiweka kando kwa sasa. Inashika vizuri viwakilishi na wakati, ila mimi nahitaji sababu na ukinzani.

Aliyewahi kuchambua masimulizi ya Kiswahili anisaidie, hasa kwenye hiyo -ka-.